Daftari la Mbalamwezi

Kiriba, Jumatatu 3 Julai 2023

Mwezi umejaa. Mitumbwi ya dagaa yote iko mchangani, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa ya mvuvi mbingu ikiwa na taa kubwa kuliko yake. Hesabu ya giza lililopita imegawanywa juzi. Leo kabla ya saa nne asubuhi nimeona wanaume wanne: mmoja kaanguka kwenye mawe, mmoja kapigwa chupa, mmoja anatapika nyongo, na wa nne hakusema anaumwa nini. Alikaa kwenye benchi, mikono kaibana katikati ya magoti kama mtu aliyeshika kuku.

Huyo wa nne nitamwita Ningu. Humu halitaingia jina la mtu. Kiriba hata herufi ya kwanza inatosha kumjua mtu, na nyumba ya mama yake, na deni lake dukani. Nilipokuwa nafanya kazi hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, tulitumia namba za mafaili, na namba zote nimezisahau. Samaki siwasahau.

Ningu ana miaka 34. Nilimuuliza mara ya mwisho alikunywa lini, akasema jana jioni. Mikono ilikuwa imeshaanza kutetemeka. Nikamwambia mbele ya mkewe: leo usiache ghafla. Kunywa uji, usikae peke yako, kesho alfajiri twende wote mjini kwa daktari. Mkewe alinitazama kana kwamba nimetukana. Kaniletea mume nimwachishe, nami namwambia asiache.

Jumanne 4 Julai

Tumerudi saa kumi na mbili jioni, mimi na mkewe. Ningu amelazwa hospitali ya Kwangwa. Njia nzima mama yule hakunisemesha mpaka tulipoteremka kwenye hiace. Hapo akaniuliza, "Sasa Mama, nyie mnatibu au mnafuga?"

Sikumjibu. Najibu hapa.

Nilikuwa na kaka. Mwaka 1998 watu waliompenda walimfungia chumbani siku tatu wamwombee pombe imtoke. Usiku wa pili alipata degedege, wakadhani ndiyo pepo anatoka, wakaongeza sauti. Nilikuwa Dodoma, wodini, nikiwahudumia kaka za watu wengine wenye ugonjwa huo huo.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujifunza kukanyaga mafuta zaidi ili usizimike. Ukiiondoa pombe kwa siku moja, mguu bado uko kwenye mafuta. Saa chache, mikono inatetemeka na jasho linatoka. Ndani ya siku mbili, kifafa kinaweza kuja. Siku ya pili mpaka ya nne wengine huona wadudu ukutani, hawamjui mke, moyo unakimbia. Arosto ya unga inamtesa mtu mpaka anatamani kufa, lakini mara nyingi haimuui. Hii ya pombe inaua. Ndiyo maana tunampa diazepamu kwa kupunguza kidogo kidogo, mahali penye macho ya muuguzi.

Na kabla ya dripu ya glukosi, vitamini B1. Daktari kijana leo alianza nayo bila kukumbushwa, nikafurahi kama nimepewa soda. Mlevi wa muda mrefu hali. B1 mwilini imekwisha. Sukari ikiingia kwanza inakula ile kidogo iliyobaki, na mtu anaweza kuamka haoni vizuri, anayumba, hakumbuki jana. Wernicke aliuandika ugonjwa huo mwaka 1881, na bado tunakutana nao.

Mkewe alisema neno moja wodini ambalo sitaki lipotee: "Mbalamwezi ikianza hagusi sahani. Giza likirudi anakula kama watu watatu."

Jumanne 18 Julai

Giza. Jana usiku nilihesabu taa ziwani mpaka nikachoka. Kama mji umejengwa majini. Ningu katoka wodini wiki iliyopita, naye yumo katika taa hizo. Giza ni salama kwake. Majini hawanywi kama zamani, anasema. Zamani ni wakati wa viroba: vifuko vile vya pombe vilifungwa kiunoni, ukikwangua nyavu unang'ata kona ya kifuko. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Nadhani ilifanya vizuri, maana mtoto wa darasa la tano alikuwa anamudu kununua. Lakini amri ile haikumtibu mtu. Ningu alikaa wiki moja kavu, kisha akahamia gongo, ambayo ilikuwa haramu tangu kabla hajazaliwa.

Leo kaja binti na shangazi yake. Nitamwita Furu. Miaka 17, kidato cha tatu. Shangazi ndiye aliyesema yote.

Anatapika. Kwanza walimpima mimba. Hakuna. Wakarudia baada ya wiki mbili, hakuna. Mara ya tatu walimpeleka mjini, kwa kuwa labda kipimo cha hapa kimechoka. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, lakini hofu haisomi waraka. Mimba ilipokosekana wakasema vidonda vya tumbo. Kameza dawa za vidonda miezi miwili. Kisha bibi mmoja wa ng'ambo ya mlima akasema kalishwa kitu.

Nilimwomba shangazi aninunulie maji ya chupa senta. Ni dakika ishirini kwenda na kurudi. Furu akakaa kimya kumi za kwanza. Halafu: "Bibi, nikila nahisi wanahesabu."

Nani?

"Wote."

Baba yake kafariki mwaka juzi, mama kaolewa kwingine, yeye kaletwa hapa. Nyumba ina watoto sita wanaokula sinia moja. Hakuna aliyemnyima. Mara moja tu mtoto mmoja, mdogo, alisema kwa kucheka kwamba mkono wa Furu ni mrefu. Tangu siku hiyo anamega matonge matatu, ananawa. Usiku wakilala anakwenda jikoni kwenye kiporo, anakula kwa kasi gizani, kisha anatoka nje nyuma ya mihogo.

Mashavu yamevimba kidogo, mbele ya masikio. Tezi za mate. Nyuma ya meno ya juu pameanza kulika. Gerald Russell wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1979 na kuupa jina, bulimia nervosa. Miaka yangu yote Mirembe niliuona mara mbili, zote kwa mabinti wa maofisa. Sikutarajia kuukuta nyuma ya mihogo ya huku kwetu Majita.

Shangazi akarudi na maji. Sikusema jina la ugonjwa. Nilisema: "Dada, hana mimba na hajarogwa. Anaumwa, na unatibika. Naomba mwezi mmoja asiulizwe chochote wakati wa kula."

Jumapili 30 Julai

Baada ya kanisa nimetoa madodoso yangu ya zamani, nikayasoma upya kama mtu anayesoma barua za mchumba.

La pombe ni la Shirika la Afya Duniani, maswali 10, alama 40. Ukifika 8 tunaanza kuzungumza, ukifika 20 mara nyingi mwili umeshashikwa. Swali la sita linauliza kama unakunywa asubuhi ili uweze kuanza siku. Hilo halihitaji tafsiri: ni kuzimua. Swali la pili ndilo kichekesho. Unakunywa vinywaji vingapi kwa siku? Ningu aliwaza, akasema, "Mama, sisi tunahesabu waliolipa, hatuhesabu glasi." Na gongo haina kipimo, ya mama huyu inawaka moto, ya yule ina maji ya ziwa.

La ulaji ni baya zaidi. Liliandikwa Canada, kina Garner, maswali 26 kwa toleo la mwaka 1982. Moja linauliza kama unawaza chakula muda wote. Kiriba, mwezi wa Februari, muhogo haujakomaa, nani hawazi chakula muda wote? Le Grange na wenzake walilikuta jambo hili Afrika Kusini, wakaliandika mwaka 2004: vijana wa vitongoji maskini walipata alama za juu, na walipoulizwa kwa mdomo ikaonekana wengi walikuwa wanasema njaa. Karatasi iliisoma njaa kama ugonjwa.

Furu naye ana njaa. Na ana ugonjwa. Kazi yangu ni kujua kipi kinamlea mwenzake.

Kisa cha Fiji tulifundishwa sote: televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995, Anne Becker akapima wasichana wa shule mwaka huo na tena 1998, na waliokuwa wanajitapisha ili wapunguze mwili wakatoka sifuri hadi asilimia 11.3. Mwalimu wetu alipenda kukisimulia. Kwa mabinti wa Mwanza na Dar es Salaam wanaoagiziana chai za kupunguza tumbo kinafaa. Kwa Furu hakinisaidii. Hapa mtu akikonda hawasemi amependeza. Wanauliza ameanza dawa lini. Furu hataki kuwa mwembamba. Anataka asionekane kuwa alikula.

Jumatano 2 Agosti

Mbalamwezi ilikuwa jana. Ningu kanywa. Kaja mwenyewe, ananuka, anaona aibu, tayari na hotuba.

Nilifanya kosa la siku zote nikamuuliza kwa nini. Akanipa sababu saba. Baba alikuwa mlevi. Tajiri wa mtumbwi alimdhulumu. Wenzake walimcheka. Mkewe ana mdomo. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hakuna iliyonifaa, kwa sababu baba alikuwa mlevi pia tarehe 20 Julai na siku hiyo Ningu hakunywa.

"Kwa nini" ni swali la mzazi na la polisi. Mtu akiulizwa hivyo anajitetea. Miaka thelathini nimekuwa nikiliuliza na kuandika majibu kwa mwandiko mzuri.

Nikaanza upya. Saa ngapi uliamka? Ulikula nini? Fedha ulipewa wapi, na nani alikuwepo? Ulikuwa wapi saa nane? Saa tisa? Hapo alisema bila shida, kama anasimulia safari ya mtu mwingine. Hesabu iligawanywa saa nne asubuhi mwaloni. Hakuwa amekula tangu usiku. Akampelekea mkewe nusu. Saa saba hana kazi, usingizi umekata kwa sababu mwili wa mvuvi wa dagaa hulala mchana na huu ulikuwa mchana wa kwanza wa kukaa. Saa nane alipita kwa mama wa gongo kulipa deni la mbalamwezi iliyopita. Kulipa tu.

Deni. Mwezi mzima nimewaza kiu, na mlango wenyewe ni deni.

Halafu saa zile, kuanzia nne hadi nane: fedha mfukoni, tumbo tupu, hakuna kazi, usingizi umegoma. Ukiniweka mimi humo siku tano mfululizo kila mwezi, sijui.

Ijumaa 11 Agosti

Nilikwenda kwa mama wa gongo. Nilizunguka nyumba mara mbili kwanza, kama mnywaji.

Ni mjane, watoto wanne, wawili sekondari. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, akaniamkia, akanipa kigoda, akaanza kujitetea kabla sijasema. Nikamwambia sikuja na mgambo. Chini ya mwembe wake mapipa, mrija, muhogo na mtama unaochacha; kazi ngumu, moshi machoni, na siku yoyote anaweza kukamatwa. Ada ya watoto inatoka humo. Watu wa warsha wangeniuliza kwa nini simripoti. Wangekuja wao waone wateja wake watakunywa wapi kesho yake.

Nilimwomba jambo moja: Ningu asimkopeshe. Siyo asimuuzie, hilo asingeweza na angenidanganya. Asimkopeshe tu, na deni lililobaki alilipe mkewe Ningu, yeye mwenyewe asije.

Akafikiri. "Dada, mimi kukopesha ndiko kunakonirudishia wateja."

Najua.

"Basi huyo mmoja."

Nimeona haya kuandika kwamba hili ndilo tendo la kitabibu lenye nguvu kuliko yote niliyofanya mwaka huu, na halina kisanduku kwenye rejista.

Jumatatu 21 Agosti

Kliniki ya wajawazito imenikopesha mgonjwa. Anakula udongo: vile vipande vinavyouzwa sokoni, na akikosa, anabandua wa ukutani baada ya mvua. Mkunga anataka nimwachishe "uraibu". Nimeangalia viganja na kope za ndani: vyeupe. Vidonge vya madini ya chuma na foliki, dawa ya minyoo kwa kuwa muda wake unaruhusu, na arudi baada ya wiki nne. Kwenye vitabu vya magonjwa ya akili kula visivyoliwa kumewekwa sura moja na bulimia, lakini mara nyingi damu ikipanda hamu inashuka.

Sikumcheka. Nikiwa na mimba ya kwanza, Dodoma, nilikula mchele mbichi kilo mbili kwa wiki, nikiuficha kwenye mfuko wa sare. Mume wangu alidhani tuna panya.

Alhamisi 24 Agosti

Furu kaleta daftari lake. Nilimpa kazi moja: aandike saa. Asiandike alichokula kwa gramu, asijipime, mizani ya zahanati nimeigeuza inatazama ukuta. Saa aliyokula, saa aliyokwenda nyuma ya mihogo, na nani alikuwa nyumbani.

Wiki tatu. Ni safi kama la hesabu. Uji wa shule saa nne asubuhi, siku ambazo michango ya wazazi imetosha. Kisha hakuna kitu mpaka saa mbili usiku, matonge matatu. Kiporo, saa tano. Siku mbaya ni Jumatano na Jumamosi, shangazi anapokwenda kikoba na kwaya.

Tangu saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku ni saa kumi. Mtu yeyote aliyekaa saa kumi akaja akala matonge matatu, saa tano usiku ataamka. Yeye anajiita mlafi. Mlafi gani huyu?

Christopher Fairburn wa Oxford ndiye aliyeifanya hii kuwa hatua ya kwanza ya tiba: kabla ya kuzungumza huzuni, kabla ya baba aliyefariki, rudisha milo kwa saa zake, mitatu na vitafunio katikati, pasipite muda mrefu kupita saa nne. Haimwambii mtu asitapike. Inajaza pengo. Wenye vitabu wanasema hivyo kwa watu wenye friji.

Kwa hiyo nilikaa na shangazi, si kwa ushauri nasaha, kwa biashara. Nini kipo? Viazi vitamu vipo. Karanga zipo kidogo. Michembe, viazi vilivyokaushwa, ipo, wameletewa kutoka Bunda. Uji wa mtama alfajiri, kikombe kimoja kabla ya shule, naye yuko macho saa kumi na moja hata hivyo. Michembe mfukoni saa saba. Kiazi saa kumi akirudi. Usiku apakuliwe sahani yake pembeni, na ili asionekane amebaguliwa, watoto wote wakubwa wapakuliwe sahani zao. Hapo shangazi alinikatalia. Sinia ni sinia. Watoto wakila kila mmoja na sahani yake watakuwa wageni nyumbani kwao.

Alikuwa na haki, na nilishindwa kumjibu. Tukaafikiana: sinia libaki, lakini Furu ndiye agawe mboga. Mgawaji ndiye anayehesabu, hakuna anayemhesabu.

Wazo hilo lilikuwa la shangazi.

Nilimweleza Furu pia kuhusu meno: asukutue kwa maji tu, asipige mswaki papo hapo, asidi ya tumbo hulainisha jino na mswaki unalikwangua. Akisikia moyo unaruka au misuli inakaza, aje hata usiku. Kutapika kunaondoa madini ya potasiamu, na moyo unayahitaji. Kipimo chake tumefanya mjini. Kimetoka vizuri kwa sasa.

Alhamisi 31 Agosti

Agosti hii ina mbalamwezi mbili, ya tarehe 1 na ya leo. Ningu aliliona kabla yangu. "Mama, mwezi huu umenionea."

Mpango wake aliutunga mwenyewe, mimi niliandika tu. Tukitaja sisi wanasikiliza, wakitaja wao wanakumbuka. William Miller aliandika mwaka 1983 kuhusu kumsikiliza mlevi mpaka ajisemee sababu zake, na pale KCMC Moshi wauguzi wa dharura wanafanya jambo la jinsi hiyo kwa Kiswahili na majeruhi waliolewa, mpango unaoitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Mazungumzo mafupi tu, mtu akiwa bado na bandeji. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Sasa naona bandeji ndiyo inayoongea nusu.

Mpango: siku ya hesabu mkewe aende mwaloni, apokee yeye. Ugali uwe tayari saa nne asubuhi, si saa nane. Kuanzia hapo Ningu aende kwa kaka yake Butiama, kuna shamba la mihogo la kupalilia, alale huko siku tano. Vidonge vya B1. Kaka yake hanywi, anachosha kwa maneno, lakini hanywi.

Jioni hii mkewe kapita na dagaa kwenye ungo. Kasema mumewe amefika, amepiga simu, anamlalamikia kaka yake. Tumecheka.

Jumanne 12 Septemba

Furu kateleza. Siku nne mfululizo. Mitihani, na michango ya uji shuleni imekwama.

Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu zuri. Amesikia kuhusu Ningu, kijiji kizima kimesikia, na anataka kujua yeye atahesabu siku lini. Ningu ana siku 42.

Zanzibar nilitembelea soba hausi wakati mmoja, vijana waliotoka kwenye unga wanasimama kila asubuhi wanataja siku zao, wengine wanapigiwa makofi kwa siku tatu. Ni njia iliyotoka kwa walevi wa Akron, Ohio, mwaka 1935, na inawafaa wengi, kwa sababu unga na pombe unaweza kuvifungia mlango. Chakula huwezi. Mlevi tunamwambia asilikaribie zizi la simba. Furu tunamwambia aingie zizini mara tano kwa siku, ampapase simba, atoke. Siku "bila" nini ahesabu?

Nikamwambia ahesabu milo aliyokula kwa saa yake. Tangu Agosti ni mingi kuliko aliyoikosa. Hakufurahi. Alitaka siku.

Nikamsimulia wale wanaume 36 wa Minnesota, 1944 na 1945, waliokataa kubeba bunduki wakakubali badala yake kupunguziwa chakula kwa wiki 24 ili madaktari wa Ancel Keys wajifunze jinsi ya kuwalisha watu baada ya vita. Walikuwa wazima wa mwili na akili. Njaa iliwafanya waote chakula, wafiche vipande, wasome vitabu vya mapishi kitandani. Na waliporuhusiwa kula, baadhi walikula mpaka wakaugua, wakaomba tena. Hakuna aliyekuwa mlafi.

Akauliza, "Waliacha lini?"

Ilichukua miezi, wengine zaidi. Nikamwambia kweli. Akafikiri, kisha akatoa michembe mfukoni, akaanza kula mbele yangu, polepole, akitazama ziwani. Mara ya kwanza kumwona anatafuna.

Kuhusu uji wa shule nimeongea na mjumbe mmoja wa kamati. Si lazima kila kitu kiwe tiba.

Jumamosi 30 Septemba

Mwezi ulijaa jana. Safari hii kaka wa Butiama alikuwa na msiba Tarime, nyumba imefungwa. Ningu alibaki Kiriba.

Nilipofika zahanati saa mbili kasoro asubuhi, mlinzi hajafungua lango, alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Harufu ilinifikia kabla yake. Siku 59. Nilijiandaa kwa hotuba. Nikajiandaa pia nisiwe na uso wa hotuba.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

Alitazama mikono yake, ilikuwa imetulia, kisha akasema, bila kuulizwa: "Jana, saa moja na nusu usiku. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Mke alikwenda kwa mama yake. Glasi mbili, nililipa, sikukopa. Saa tatu nilikuwa nimelala."

Nikafungua daftari nikaandika kama alivyosema. Saa moja na nusu. Glasi mbili. Alilipa.

Nikamuuliza ameshakula leo. Hajala. Jikoni kwa wauguzi kulikuwa na uji wa jana na moto ulikuwa bado haujawashwa, akanyanyuka akaenda kutafuta kuni.